Kuishi na Kukaa: Maneno ya Kukataa katika Mashauri ya Ardhi ya Ushirombo

Msafiri atokaye Isaka kwa barabara iendayo Rusumo, mpakani mwa Rwanda, hupita Kahama na baadaye hufika Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Mji huu una historia ndefu kuliko majengo yake yaonyeshavyo. Ulikuwa makao ya utemi wa Wasumbwa. Mapadre Weupe walijenga misheni yao hapo mwaka 1891. Kisha kwa miaka mingi nchi hii ilihesabiwa katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, hata Bukombe ilipokatwa kuwa wilaya ya peke yake, na mwaka 2012 ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Wenyeji wake ni Wasumbwa, lakini Wasukuma waliingia na ng'ombe zao wakitafuta malisho, na watu wa makabila mengi walifuata dhahabu. Basi Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya mkutano na ya ofisi. Na ugomvi wo wote juu ya ardhi, ujapoanza nyumbani kwa Kisukuma au Kisumbwa, hauna budi kuishia katika Kiswahili.

Makala haya yakusudia kueleza maneno machache ya Kiswahili yatumikayo pale wakazi wanapokataa matumizi ya ardhi wasiyoyataka karibu na nyumba zao. Si maneno magumu. Ni maneno ya kila siku, na kwa sababu hiyo hupita midomoni bila ya kuchunguzwa. Lakini yaandikwapo katika muhtasari wa mkutano au katika barua iendayo kwa mkuu wa wilaya, huweza kumfaa mkazi au kumwangusha.

Ugomvi wenyewe

Msomaji na amfikiri mama mmoja wa kudhaniwa tu, aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma pembezoni mwa mji. Jirani yake auza kiwanja, na mnunuzi aleta karasha, yaani mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Karasha hulia mchana kutwa, na vumbi la mawe huingia katika chungu na katika vitanda. Vumbi hilo lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huyatia makovu mapafu. Baada ya kusagwa, unga wa mawe huoshwa na kuchanganywa na zebaki, ambayo hushikana na dhahabu. Kisha mchanganyiko huo huchomwa motoni, zebaki ikapaa kuwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke ule hauonekani wala haunuki, lakini hudhuru mishipa ya fahamu, na humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Mchanga uliobaki, uitwao marudio, huuzwa kwa wenye plenti, ambako dhahabu iliyosalia hutolewa kwa sayanaidi.

Hatari hizi zajulikana serikalini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na huko Katente, jirani kabisa na Ushirombo, pamejengwa kituo cha mfano cha kuchenjua dhahabu, sawa na vile vya Lwamgasa katika Geita na Itumbi katika Chunya, ili wachimbaji wadogo wajifunze njia isiyotumia zebaki. Hata hivyo mama yule hashitaki mkataba wala kituo. Ashitaki karasha iliyo nyuma ya jiko lake. Jambo la kwanza atakalolifanya ni kusema, na la pili ni kutafuta mtu wa kumwandikia. Katika hatua hii ya pili ndipo lugha ianzapo kufanya kazi yake.

Kuchafuka na kuchafuliwa

Kiswahili kina njia mbili za kusema kwamba jambo limetendeka bila ya kumweka mtendaji mbele. Kuna kauli ya kutendwa, ambayo hutumia kiambishi -w-: maji yamechafuliwa. Na kuna kauli ya kutendeka, ambayo hutumia -k-: maji yamechafuka. Tofauti yaonekana ndogo, lakini ni kubwa. Mtu asemapo "maji yamechafuliwa", msikilizaji aweza kuuliza mara moja, "Na nani?" na sarufi yampa nafasi ya jibu: yamechafuliwa na mwenye plenti. Lakini asemapo "maji yamechafuka", swali hilo halina pa kuingia. Hali imeelezwa, na mtendaji hayumo kabisa.

Katika mazungumzo ya majirani kauli ya kutendeka ni adabu. Mgeni avunjapo kikombe, mwenyeji husema kikombe kimevunjika, asije akamtahayarisha mgeni wake. Adabu hiyo hiyo huingia mkutanoni. Mzee asimamapo mbele ya watu wote, na mwenye karasha amekaa mstari wa mbele, huona haya kumtaja. Kwa hiyo husema ya kuwa hewa imeharibika, vumbi limezidi, na watoto wanakohoa. Karani naye huandika hivyo hivyo. Barua ifikapo wilayani yasomeka kana kwamba vumbi lilizuka lenyewe kama kisulisuli.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 imeweka msingi kwamba mchafuzi ndiye alipaye gharama za uchafuzi wake. Sheria hiyo yatafuta mtu. Karani aliyeandika "yamechafuka" kwa nia njema kabisa amemficha mtu huyo. Basi si utovu wa adabu kuandika "yamechafuliwa na fulani, tangu mwezi fulani, kwa kitu fulani". Adabu ina mahali pake katika usemi; maandishi ya shauri yana sharti lake lingine.

Kupisha na kuhama

Neno la pili ni kupisha. Asili yake ni kitenzi pita, katika kauli ya kutendesha: kumpisha mtu ni kumfanya apite, yaani kumwachia njia. Kijana humpisha mzee kijiani. Mwenye baiskeli hulipisha gari. Ni neno la heshima, na asiyepisha huonekana kuwa mshenzi. Siku hizi neno hili limekuwa la kawaida katika habari za ardhi: wananchi watakiwa kupisha mradi, wapishe mgodi, wapishe barabara.

Msomaji na aangalie lililofichika hapa. Kijiani, yule aliyepisha husimama kando kwa muda mdogo, na mwenzake akishapita, yeye hurudi katika njia yake. Lakini aliyepisha mgodi harudi. Neno limechukuliwa pamoja na heshima yake, ila marejeo yake yameachwa. Mkazi anayekataa huonekana kuwa mkaidi asiye na adabu, hali swali lake ni la haki kabisa: akishapita huyo anayepishwa, njia itabaki ya nani?

Kitenzi hama nacho chafaa kutazamwa. Kuhama ni tendo la mhamaji mwenyewe. Kuhamia ni kuelekea mahali. Kuhamisha ni kumwondoa mwingine. Kuhamishwa ni kuondolewa. Babu na mabibi wa nchi hii wayajua maneno hayo yote manne kwa miili yao. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi maalumu kwa ajili ya kupambana na malale. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, na watu wakaagizwa waishi vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Kisha mwaka 1996, huko Bulyanhulu, ambako wakati huo kulikuwa Wilaya ya Kahama kama vile Ushirombo ilivyokuwa zamani, maelfu ya wachimbaji wadogo na jamaa zao waliondolewa ili eneo lishikwe na kampuni iliyokuwa imepata leseni. Madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni, na ubishi wake haujaisha. Kwa watu wenye kumbukumbu kama hizo, karani aandikapo "wananchi walihama" badala ya "walihamishwa" hakosei herufi chache tu. Amegeuza historia.

Ridhaa

Neno la tatu ni ridhaa, lililotoka katika Kiarabu pamoja na ndugu zake ridhi, ridhia, ridhika na ridhisha. Ridhika ni hali ya moyo: mtu ameridhika, ametulia. Ridhia ni tendo: mtu amekubali jambo lipite, ingawa huenda moyo wake haukutulia. Ridhaa ni kukubali kwenyewe kwa hiari. Yawezekana kuridhia bila ya kuridhika. Bali haiwezekani kuwa na ridhaa bila ya hiari.

Tofauti hii ina uzito wa sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haimruhusu mwenye haki ya madini kuitumia haki yake ndani ya mita 200 za nyumba inayokaliwa, wala ndani ya mita 50 za shamba lililolimwa, pasipo ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Hili ni neno kubwa, na wakazi wengi hawalijui. Lakini sheria hiyo hiyo yampa Waziri uwezo wa kuiondoa haja ya ridhaa iwapo imezuiliwa bila ya sababu ya maana. Kwa hiyo mkazi asemaye "sitaki" tu hajajilinda vya kutosha. Apaswa kuandika kwa nini hataki: umbali wa nyumba, kisima, idadi ya watoto, na upepo uvumako. "Sitaki" ni neno la moyo; sababu ndiyo ipimwayo.

Liko jambo jingine la kujihadhari nalo. Katika mikutano mingi karatasi ya mahudhurio huzungushwa, na kila mtu huweka sahihi au dole gumba. Sahihi ya kuhudhuria si sahihi ya kuridhia. Pasipo maneno yaliyoandikwa wazi juu ya karatasi ile, yaani sahihi hizi ni za nini, majina mia yaweza kubandikwa nyuma ya azimio ambalo waliohudhuria walilipinga.

Kijiji na mji

Kabla ya sheria zo zote za mipango miji, Wasukuma walikuwa na neno lao la kugawa matumizi ya ardhi: ngitili, yaani sehemu ya malisho iliyofungwa wakati wa masika ili nyasi zake zisaidie mifugo wakati wa kiangazi. Mtu hakuweza kuingiza ng'ombe humo apendavyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kwa sehemu kubwa kwa kuwa ulilirudisha neno ambalo watu walikuwa nalo tayari. Fikira ya kwamba ardhi hii ni ya kitu hiki na si ya kile haikuletwa na maofisa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeipa fikira hiyo nguvu. Itakiwapo ardhi ya kijiji ihaulishwe kwa matumizi mengine, nayo haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio ukubalio au ukataao. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri. Lakini mahali pakuapo, kijiji kikafutwa na ardhi yake ikawa ya mji, mkutano mkuu wa kijiji hupotea pamoja nacho. Wakazi wabaki na kitongoji au mtaa, wenye mwenyekiti na mikutano, lakini si wenye mamlaka yale ya ardhi. Watu hushangilia neno "mji" kwa sababu ya lami na taa, na wana haki ya kushangilia. Wachache hutambua kwamba neno hilo limewaondolea kauli moja waliyokuwa nayo. Tangu hapo ngome yao ni ramani ya mipango miji. Na asiyekwenda kuitazama ramani hiyo kabla karasha haijafungwa, atachelewa.

Fidia na kifuta jasho

Fidia pia ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kikomboleo, kitu kitolewacho ili mtu afunguliwe. Katika dini ya Kiislamu ni kile kitolewacho badala ya saumu isiyowezekana kufungwa. Ndani yake mna wazo la usawa: kilichotolewa kilingane na kilichopotea. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe bila ya kukawia.

Kifuta jasho ni kitu kingine. Ni shukrani kwa mtu aliyetaabika, nayo haipimwi kwa hasara. Kanuni za wanyamapori za mwaka 2011 zalitumia neno hili kwa malipo ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa wafiwa. Katika kanuni hizo maneno hayo yamewekwa makusudi, kwa kuwa serikali haikubali kudaiwa thamani yote. Lakini yakihamishwa katika mashauri ya viwanja na mashamba, huleta hasara. Mkazi aambiwaye "utapata kifuta jasho chako", naye akaitikia kwa furaha, amekubali kugeuka kutoka mdai kuwa mpokeaji wa hisani.

Kuishi

Neno la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na ili kulieleza yafaa kutoka Ushirombo na kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa kumwaga taka katika mtaa wao. Taka zile zilichomwa, moshi ukaingia majumbani, inzi wakajaa. Mahakama iliagiza Jiji liache. Jiji liliomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda mwingine, akieleza kwamba kuwahatarisha watu kwa njia ile kwaenda kinyume cha Katiba, ibara ya 14. Mwaka huo huo taka zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi 795 wa huko nao walikwenda mahakamani, wakashinda.

Ibara ya 14 imo katika sura ya haki iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Yahusu haki ya kuishi. Sasa katika lugha nyingi za Ulaya, kuwa hai na kukaa mahali ni mambo yenye vitenzi tofauti, ama angalau mwanasheria huyatenga. Katika Kiswahili kitenzi ishi chabeba yote mawili. "Babu yake bado anaishi" maana yake hajafa. "Anaishi Ushirombo" maana yake ndiko kwake. Mkazi wa mtaa wenye moshi asemapo "hapa hatuwezi kuishi", wageni hudhani atia chumvi. Hatii. Asema kwa neno moja kwamba makao yake yameharibiwa na kwamba uhai wake umetishwa. Na uamuzi wa Tabata, ingawa uliandikwa kwa Kiingereza, ulifika mahali pale pale ambapo Kiswahili kilikuwa kimekwisha fika.

Kitenzi kaa, ambacho ndicho mzazi wa mkazi na makazi, hakina nguvu hiyo. Mtu aweza kukaa kitini, kukaa kimya, kukaa siku mbili. Aliyekaa aweza kuambiwa asimame na kuondoka. Kwa sababu hiyo yafaa barua ya malalamiko isiseme tu kwamba "sisi tunaokaa hapa tunasumbuliwa". Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na neno "kuishi" laweza kufika mbele ya hakimu bila ya kupunguzwa na mkalimani.

Upande wa pili

Haingekuwa haki kumaliza bila ya kusema neno juu ya mwenye karasha. Mara nyingi si mgeni. Ni mtoto wa mtaa ule ule, na vijana kumi wapata chakula kwake, huenda na mtoto wa mama anayelalamika. Tena kukataa peke yake hakuondoi kitu duniani. Baada ya Tabata na Kunduchi, taka za Dar es Salaam zilikwenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu; ushindi wa mtaa mmoja ulikuwa mzigo wa mtaa mwingine. Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao, na methali hii yampata mwenye karasha atiaye zebaki hewani kama impatavyo mtaa usukumao karasha hiyo mlangoni mwa maskini zaidi.

Kwa hiyo barua iliyo bora haina budi kuwa na sehemu mbili: isemayo nani amechafua nini, na isemayo mahali gani kazi hiyo yaweza kufanyika bila ya kudhuru, mbali na nyumba na visima, kwenye eneo lililopangwa. Mama yule wa mfano, akiandikiwa barua ya namna hiyo, hajahakikishiwa ushindi. Lakini mkuu wa wilaya aifunguapo hatakuta vumbi lisilo na mwenyewe, wala watu waliohama kwa hiari, wala wakazi wanaongojea kifuta jasho. Atakuta mtu aishiye mahali fulani, adaiye haki fulani, kutoka kwa mtu fulani. Na barua ya jinsi hiyo ni vigumu kuirudisha jalalani bila ya jibu.